Simba Waliochanwa kwa Vidole

Watu wengi wa Mnyuzi walijifunza kufunga vifungo vya shati kwa mwanamke mmoja. Emiliana alishuka kutoka Bungu akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, mke wa Bonaventura, fundi wa njia ya reli. Mungu hakuwajalia mtoto, basi akaanza kukusanya wa wenzake. Mwanzoni lilikuwa jamvi moja kibarazani na watoto sita ambao mama zao wako shambani. Baadaye shule ya msingi ikampa chumba cha mwisho, kile chenye dirisha linalotazama reli, kikaitwa darasa la awali. Bonaventura alifariki, chumba kikabaki. Miaka ishirini na saba watoto waliingia humo wakilia na kutoka wakiimba.

Masika ya mwaka jana, asubuhi moja, Emiliana aliamka na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikuamka. Alivikanda kwa maji ya moto, akavipaka mafuta ya nazi, akavisemesha. Wapi! Hospitali hakwenda, kwa kuwa hospitali huandika, na kilichoandikwa husomwa. Akajifunza kushika chaki kwa ngumi. Ikimshinda, humwita mtoto: "Habakuki, njoo utuandikie a yako nzuri." Watoto walidhani ni heshima wanayopewa, wakagombea ubao. Hakuna aliyejua.

Tatizo likawa mwalimu mkuu mpya. Mwalimu Matayo alikuwa kijana mwenye adabu, wa kuamkia wazee kwa kuinama kidogo, lakini macho yake hayakupitwa na kitu. Jumatatu alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, mama. Ijumaa saa nne nitakuja nikae na darasa lako. Nataka nikuone ukifanya nao kazi ya mikono. Mwakani napanga walimu upya, na kusema kweli, wapo wanaosema umri umekwenda, upumzishwe."

"Marahaba, baba. Karibu," akajibu Emiliana. Asipokuwa na chumba kile, asubuhi angeamka aende wapi?

Sahani alikuwa nazo. Mama Urmila, mwenye duka mjini Korogwe, alimpa sahani za karatasi zilizobaki kwenye harusi ya mpwa wake, ishirini na nne kamili, na watoto walikuwa ishirini na wanne. Zingekuwa nyuso za simba: ukingo wa sahani unakatwakatwa unakuwa manyoya, macho kwa mkaa, sharubu kwa nyuzi za katani, gundi ya unga wa muhogo. Kazi nyepesi, ila ilitaka mkasi, na mkasi ndio uliokuwa umemkataa kabisa.

Ndipo akapata akili. Alhamisi alichora mistari ya penseli kuzunguka ukingo wa kila sahani, kwa mkono wa kushoto, taratibu, akampa kila mtoto yake. "Mwambieni mama akate kwenye mistari hii. Kesho mzirudishe. Mmesikia?"

"Tumesikia, Mwalimuuu!"

Walisikia. Ila mtoto wa miaka mitano ni kama kikapu: kikubwa hubaki, kidogo hupenya. Kilichofika nyumbani jioni ile, nyumba zote ishirini na nne, kilikuwa kimoja tu: Mwalimu anataka sahani yake kesho.

Ijumaa asubuhi Emiliana aliwaona wakija kwa mstari kando ya reli, kila mmoja ameshika sahani yake kwa mikono miwili, wanatembea polepole kama wanaobeba maji. Juu ya sahani kulikuwa na majani ya mgomba. Akafunua ya kwanza: mihogo ya kuchemsha. Ya pili, maandazi manne. Ya tatu, magimbi. Vitumbua, ndizi mbivu, mahindi. Glory alileta yai moja, limewekwa katikati kabisa ya sahani. Habakuki alileta makombo.

"Na hii, Habakuki?"

"Ilikuwa andazi, Mwalimu."

"Likaenda wapi?"

Habakuki akatazama reli. "Lilikuwa linadondoka. Nikalisaidia."

Nyuma yao akaja Mwanaisha, mama yake Sanaa, mtoto mdogo kuliko wote. Alibeba sahani ya mwanawe juu ya sinia, kwa sababu maharage yalikuwa yameanza kuilegeza.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeleta mwenyewe, huyu angeyamwaga yote njiani."

"Marahaba, mwanangu. Lakini Mwanaisha, mmenifanyia nini?"

"Tumekufanyia nini tena? Umetuletea sahani, tunakurudishia sahani. Tungekurudishia tupu? Sahani ya mtu hairudi tupu, hata kama ni ya karatasi. Mama Joyceline kapita kwangu usiku kuomba sukari, anasema kwake sahani ya mwalimu ni vitumbua au basi."

Emiliana alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikamkauka. Ilikuwa saa mbili na nusu. Sahani zote zimeloa mafuta na mvuke, hakuna hata moja iliyokatwa, na ya akiba hakuna.

"Kaeni mle, vyakula mviweke juu ya majani," aliwaambia watoto. Akautoa mkasi mfukoni, akachukua sahani ya Habakuki, tupu kuliko zote, akajaribu. Kidole gumba kiliingia. Vile vingine vikapapasa pembeni ya tundu kama wageni wasiojua mlango. Mkasi ukaanguka sakafuni, mbele ya miguu ya Mwanaisha.

Mwanaisha aliuokota. Alitazama mkono, akamtazama usoni.

"Tangu lini?"

"Masika."

"Masika haya?"

"Ya mwaka jana."

"Mwalimu!" Mwanaisha aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. "Na mimi nilikaa humu humu, ukanishika kwa mkono huu kunifundisha mkasi." Kisha akainuka ghafla. "Lete. Nazikata zote sasa hivi. Akija anakuta tayari, nani atajua? Mimi mdomo wangu kaburi."

"Mdomo wako kaburi?"

"Basi, leo utakuwa."

Emiliana aliitaka sana ile njia. Akanyoosha mkono wa kushoto kumpa sahani, lakini nyuma yake Glory akaita: "Mwalimu, yangu inachanika!"

Hakuwa analia, alikuwa anashangaa. Ukingo wa sahani yake, uliolainishwa na mvuke wa yai, ulichanika kwa kidole tu, ukanyooka vipande vipande kama manyoya ya mnyama aliyetoka kulala. Watoto wengine wakamwona. Kabla Emiliana hajasema neno, vidole mia mbili na ushei vilikuwa kazini. Mistari ya penseli hakuna aliyeijali.

Mwalimu Matayo aliingia saa nne kasoro, wakati wa sharubu. Alikuta simba wenye manyoya marefu upande mmoja, simba wenye upara, na simba mmoja ananukia maharage. Akakaa nyuma, daftari gotini.

"Mama, kwa nini wanachana? Mikasi haipo?"

Mwanaisha akafungua mdomo kusema. Emiliana akamtangulia.

"Mkasi upo, Mwalimu mkuu. Mimi ndiye siwezi kuushika." Akainua mkono wa kulia, akauacha hewani auone. "Vidole vitatu. Mwaka wa pili huu."

"Na hukuniambia."

"Ungenipumzisha."

"Ningekupumzisha," akakubali kijana.

Hapo Sanaa akaanza kuguna. Vidole vyake vilikuwa vidogo mno, na sahani yake, hata kwa kuloa kote kule, haikumsikia. Emiliana akainama karibu naye, mikono yote miwili ameilaza mapajani.

"Sanaa, jana ulimsaidia mama kuchambua mchicha?"

Sanaa akatikisa kichwa kukubali.

"Jani ulilishikaje? Nionyeshe. Eh, hapo hapo. Sasa usivute kwako, vuta chini. Pole pole. Umuonee huruma simba wako."

Ukingo ukaachia. Sanaa akatazama kipande mkononi, akatazama uso wa mwalimu, akachana kingine. Emiliana hakuwa amegusa chochote. Akamgeukia Habakuki aliyekuwa anabandika sharubu kwenye paji la uso, naye akamwelekeza kwa swali tu: "Paka wenu anazo wapi?"

Mwalimu Matayo alikaa mpaka simba wa mwisho akapata jicho. Daftari lake lilibaki na mstari mmoja. Alipoinuka alimvuta Emiliana mlangoni.

"Jumatatu utakwenda hospitali, mama. Hilo siombi, naagiza. Darasa nitalishika mimi siku hiyo."

"Na Januari?"

"Januari utaingia humu kama kawaida. Ila sitaki tena kufichwa, na nataka uwe na mtu wa kukusaidia. Unamtaka nani?"

Emiliana aligeuka tu akamtazama Mwanaisha, aliyekuwa amepiga magoti anafuta gundi ya muhogo sakafuni, huku Habakuki akimngurumia sikioni.

"Nini?" Mwanaisha akauliza. "Mbona mnanitazama hivyo? Mimi nina shamba."

"Ijumaa tu," akasema mwalimu mkuu.

"Ijumaa!" Alikamua kitambaa, akamsukuma Habakuki kidogo kwa kiwiko. "Haya, Ijumaa. Lakini mvua ikinyesha nakwenda kupanda, msinitafute. Na wewe simba, hebu ondoka hapo miguuni, umekanyaga gundi."