Karne Aliyoiruka Binti Yangu

Shule ya binti yangu ilianza kwenye chumba kimoja juu ya soko la kondoo. Chini wachuuzi walipigiana kelele za bei, juu wavulana walikariri Kilatini. Najua hayo kuliko ninavyoijua historia ya ukoo wa mume wangu, na wakwe zangu wanisamehe. Mwaka ule shule ilikuwa ikiadhimisha umri wake, ambao unaushinda kwa mbali umri wa nchi yangu, na binti yangu wa miaka kumi na mitatu akachaguliwa kusimama jukwaani aisimulie historia hiyo bila karatasi.

Basi nyumbani kwetu Longbridge, huku Uingereza, ikawa historia asubuhi, historia jioni. Mimi nikigeuza chapati, yeye amesimama mlangoni pa jikoni anakariri. Mimi ni muuguzi, nimezoea kumsimamia mtu hadi ameze dawa yote, kwa hiyo akikosea nilimrudisha mwanzo. Sehemu niliyoipenda ni ile ya wavulana wa zamani kuchapwa viboko wakikamatwa wanaongea Kiingereza badala ya Kilatini. Shuleni kwetu Kenya mimi nilivishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama, basi nilimwomba airudie hiyo hata pale ambapo hakukosea. Moyo ulipoa kidogo, siwezi kudanganya.

“Mum, no vigelegele,” aliniambia siku ya sherehe, tukiwa kwenye treni ya kwenda Sutton Coldfield, iliko shule. “Please. Promise me.”

Alikuwa na sababu. Alipomaliza shule ya msingi nilipiga vigelegele hadi mwalimu mmoja akaja mbio kuuliza kama naumwa.

“Sawa, mamii,” nikamwambia. “Leo nitakaa kama Mwingereza.”

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Nikafumba mdomo.

Jukwaani alianza vizuri. Soko la kondoo, Kilatini, viboko. Nilikuwa nasema naye kimoyomoyo, midomo ikinichezacheza. Alipofika pale shule ilipohamia kwenye jengo la matofali, akanyamaza. Nilidhani anavuta pumzi. Kumbe maneno yalikuwa yamemkimbia.

Kanisani kwetu, mtoto akisahau mstari wake hakuna anayemwacha peke yake pale mbele. Watu hupiga makofi, kina mama hupiga vigelegele, na kelele zile humfunika kama leso mpaka maneno yamrudie. Waingereza wao humpa mtoto kimya. Kwao ndiyo adabu, na kila mtu ukumbini alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe. Kimya kile kiliniuma. Ulimi wangu ulikuwa umeshainuka, uko tayari kabisa. Lakini ahadi ni deni, na nilitaka sana, angalau mara moja katika maisha yake, awe na mama asiyemwaibisha. Nikakumbatia mkoba wangu. Akanitafuta kwa macho, akaniona, nami nikamtabasamia kwa adabu.

Akaruka karne nzima. Aliibukia kwenye maabara mpya na uwanja wa hoki, na wasichana wa kwanza kupokelewa shuleni pale wakaachwa nje ya historia, tena na msichana mwenzao. Watu walipiga makofi ya kiasi, mwalimu mkuu akampa mkono. Sidhani kama kuna mwingine aliyegundua.

Wakati wa kurudi alikaa dirishani. Mimi nilikuwa najiona mama wa mfano.

“Umeona?” nikamwambia. “Sikutoa hata sauti.”

Kituo cha Erdington kikapita, cha Aston kikapita. Mtoto huyu nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, na nilishaacha kugombana naye juu ya hilo.

“Nilikuwa nangoja,” akasema, kwa Kiswahili.

“Ulikuwa unangoja nini?”

“Vigelegele.”

“Lakini si ulinikataza, mamii?”

“Siku zote nikikukataza hunisikii,” akasema, uso bado dirishani. “Mbona leo ukanisikia?”