Pasaka Tuliyoipanga Mezani

Karibu na chumba ninachopanga hapa Nchiru kuna fundi wa vitanda. Asubuhi anaporanda mbao sina habari naye, lakini mchana, anapofungua mkebe wa vanishi, mimi hushindwa kupita. Husimama kando ya barabara na sukuma wiki yangu mkononi, nikivuta pumzi kama mtu aliyeinuka kutoka kitandani baada ya kuugua. Mwanzoni alikuwa akiniuliza, "Dada, unataka tano kwa sita ama nne kwa sita?" Siku hizi ananisalimu tu na kuendelea kupaka. Hajui kwamba nikisikia harufu ile naona mashua.

Najua unatabasamu. Hata majirani zetu wa Embu walikuwa wakicheka. Watu wa mlimani na mashua wapi na wapi? Lakini mama yangu alikuwa na klabu ya mashua za tanga, na mimi nililelewa ndani yake kama watoto wengine wanavyolelewa ndani ya kwaya. Mama alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya wasichana. Kabla sijazaliwa alifundisha Naivasha, na huko mwalimu mwenzake akamwambukiza mapenzi ya kusafiri kwa upepo. Alipohamishiwa Embu, siku moja alishuka hadi bwawa kubwa la umeme kule Mbeere, akaona maji yale yote yametandazwa bila hata tanga moja juu yake, roho ikamuuma kama mkulima aliyeona shamba zuri limeachiwa magugu.

Klabu yenyewe ilikuwa na watu wanne na mashua mbili. Mbali na Mama, kulikuwa na Njeru, Mmbeere aliyefanya kazi kwenye mitambo ya bwawa na kutuhifadhia mashua nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mrefu, mkimya, na alijua viboko wanalala upande gani. Kulikuwa na Kawira, karani wa mahakama, binti kutoka Kangeta kwenye mashamba ya miraa, aliyecheka kabla ya kumaliza hadithi zake mwenyewe. Halafu Mutegi, mwenye duka la dawa mjini na mzee wa kanisa, ambaye hakujua kuogelea na hakuona aibu kulisema. Mashua moja ilikuwa ya manjano, tukaiita Ndizi. Ya pili ilikuwa pana na ilivuja kidogo, tukaiita Sufuria. Mwanzoni mwa mwaka mbao za ndani za mashua zote mbili zilipakwa vanishi upya, na mimi nikashinda pale nikipewa brashi kuukuu, mpaka hata uji wangu ukanuka vanishi.

Kila Pasaka wanne hao walivuka bwawa hadi kwenye kisiwa, wakapiga hema, wakarudi Jumatatu wameungua pua. Mimi niliachwa kwa Nyanya, Kanyakine. Mwaka niliotimiza miaka kumi, Mama aliniambia kwamba safari hii nitaenda nao.

Mipango ilifanyika kwetu, Jumamosi alasiri, baada ya chapati. Meza ilikuwa bado ina unga, na Njeru, ambaye maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida, alichora bwawa kwa kidole: hapa ukingo, hapa kisiwa, hapa viboko, hapa upepo hugeuka ghafla bila kuaga. Maharagwe mawili yalikuwa Ndizi na Sufuria. Kifuniko cha chumvi kilikuwa kisiwa. Mutegi aliuliza kila mara kama jaketi za kuelea ni za kutosha, na kila mara Kawira alimwambia atamshonea yake kwa magunia ya miraa. Nilipenda alasiri zile kuliko ninavyoweza kueleza. Chai ilichemshwa mara mbili, mlango ulikuwa wazi, na watu wazima walibishana juu ya mafiga na kamba kana kwamba duniani hakuna jambo zito kuliko hilo.

Mwaka ule Mama alikuwa amekonda, na alifunga kilemba hata ndani ya nyumba. Alikuwa akienda Nairobi kwenye semina za walimu. Ndivyo nilivyoambiwa. Nilizichukia semina hizo. Alirudi amechoka, harufu ya vitunguu ikimfukuza jikoni, na nikajiuliza walimu wanafundishwa nini huko hadi wanatapika.

"Usukani wa Ndizi atashika Kawira," Mama alisema, akisukuma haragwe moja mbele.

Kawira alianza kucheka, kisha akaacha. "Mwalimu, Ndizi ni yako."

"Mwaka huu ni yako. Na Makena atakaa na wewe." Akavuta pumzi. "Sasa. Akiamka usiku na ndoto mbaya, nani atamsikia?"

"Mimi siamki na ndoto mbaya," nikasema.

"Nyamaza, Makena. Nauliza watu wakubwa."

"Nitamsikia mimi," Kawira akasema.

"Akikwambia ameshiba baada ya vijiko vitatu, anakudanganya. Mutegi, akiumwa na koo usimpe ile dawa ya rangi ya waridi. Inamtoa vipele."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Njeru, wewe usimwonee huruma. Akikosea kufunga fundo, mwache alifungue na alifunge tena. Halii sana."

Njeru aliitikia kwa kichwa, macho yake kwenye unga.

Niliona aibu kubwa. Nilikuwa nakaribia kuwa msichana mkubwa, na hapa nikitangazwa kama ndama anayeuzwa. "Mama, kwani ni siku tatu tu!"

Hakuna aliyecheka. Mutegi aliinuka, akasema anatoka kuangalia kama mvua itanyesha. Nje jua lilikuwa kali hata kuku walikuwa wamejificha chini ya gari lake. Alikaa huko muda mrefu akitazama mawingu yasiyokuwepo.

"Na wewe utakuwa wapi?" nikamuuliza Mama.

"Nitakuwa ukingoni. Lazima mtu abaki na magari."

Nilijua magari hayo hulindwa na jirani wa Njeru kila mwaka. Nilijua ananidanganya, lakini sikujua kwa nini, nikachukua njia iliyo rahisi kwa mtoto: nilinuna. Nilidhani amechoka na mimi. Nilidhani kuna siku nimesumbua kupita kiasi, na sasa natafutiwa watu wengine wa kunibeba.

Ikabaki ruhusa ya Nyanya. Nyanya alikuwa mkulima wa ndizi na chai, na msimamo wake ulijulikana Kanyakine yote: maji ni ya kunywa na kumwagilia migomba. Hata neno lenyewe lilimuudhi. Mara ya kwanza Mama kumweleza habari za matanga, Nyanya aliacha jembe akauliza nani amekufa. Hakusahau. Tulipofika kwake Jumapili moja, alituanza kabla hatujaketi.

"Mjukuu wangu haendi kuliwa na mamba siku Bwana anafufuka."

"Mama, twende jikoni tuongee," Mama akasema.

Waliingia jikoni wakafunga mlango, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Nilikaa kwenye gogo nikiwatupia mbuzi maganda ya ndizi. Kwanza nilisikia sauti ya Nyanya ikipanda, kwa Kimeru, akiuliza neno lilelile moja: lini, lini? Halafu ya Mama, chini sana. Halafu moshi tu uliendelea kutoka kwenye mabati kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nyanya alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwonea huruma kwa kuni mbichi. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akasema, "Utaenda. Na mimi nitaenda."

Basi Jumamosi ya Pasaka Nyanya alishuka nasi Mbeere, amevaa sweta lake la kanisani katika joto lile la kukausha mate, na kukataa kulivua. Kwenye kiondo alikuwa na ndizi mbivu na chupa ya uji wa wimbi. Alipoliona bwawa alisimama, akashika mkono wa Mama. "Kumbe maji yanaweza kuwa mengi hivi," alisema, "na sisi huko juu tunapigania mfereji."

Njeru alimwekea Mama kiti cha plastiki chini ya mgunga. Nilimpa kwaheri ya shingo upande. Alinifunga jaketi mwenyewe, akavuta kila kamba mara mbili, akasema, "Msikilize Kawira. Ukiwa ndani ya mashua, tazama tanga. Upepo hauonekani, lakini tanga litakuambia."

Tuliondoka, Sufuria mbele na Mutegi akiimba pambio kwa sauti ya mtu anayezuia hofu. Mwanzo ulikuwa mtamu. Ndizi iliteleza, maji yakipiga mbao chini yangu kwa sauti ya mtu anayekunywa, na harufu ya vanishi ikapanda kwa joto la jua. Halafu, pale pale Njeru alipotuonyesha kwenye unga, upepo uligeuka. Tanga lilipiga kofi. Mashua ililala upande, maji yakanifika magotini, na Kawira, ambaye sikuwahi kumwona bila kicheko, akawa na uso nisioujua.

"Makena! Shika kamba hii. Vuta! Usiiachilie mpaka niseme!"

Niliishika kwa mikono yote miwili. Ilivuta kama ng'ombe anayekataa zizi. Niliogopa, na mtoto akiogopa hujua mahali pamoja tu pa kutazama. Nilitaka kugeuka nimwone Mama. Shingo yangu yote ilitaka kugeuka. Lakini nikigeuka mikono ingelegea, na kamba ilikuwa inanichubua viganja, na Kawira alikuwa akipiga kelele, "Tazama tanga! Mwanangu, tazama tanga!" Nikatazama tanga. Lilitetemeka, likajaa, na Ndizi ikainuka polepole ikashika njia ya kisiwani.

Pasaka ile tuliisherehekea kisiwani. Mutegi aliongoza ibada ya watu wanne juu ya mwamba, na kanga wa porini wakaitikia vibaya kuliko sisi. Njeru alinifundisha fundo moja, akaniacha nilikosee asubuhi nzima. Usiku wa kwanza niliamka, na juu ya hilo sitasema zaidi ya kwamba Kawira alinisikia.

Tuliporudi Jumatatu Mama alikuwa kwenye kiti kilekile, Nyanya kando yake, sweta amelivua na kumfunika Mama miguu. Mama alifungua viganja vyangu, akatazama michubuko ile kwa muda kama anayesahihisha mtihani. "Vizuri," akasema. Tukapanda gari kwenda nyumbani.

Mama alifariki mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa. Baada ya mazishi pale Kanyakine, Kawira alikuja na gari, akakunja nguo zangu bila kumwuliza mtu ziko wapi, akanirudisha Embu nikaishi kwake. Likizo nilikuwa kwa Nyanya. Nilipoingia sekondari, siku za wazazi alikuja Mutegi, amevaa suti ya kanisani, akiniuliza habari za koo langu mbele ya wasichana wenzangu. Njeru alinipeleka majini kila Pasaka, na hakunionea huruma hata siku moja. Nililipokea hili lote kama watoto wanavyopokea mvua. Nilidhani ni wema wa kawaida wa marafiki, na kwamba nilikuwa na bahati.

Nilikuwa najiandaa kwenda chuo Kawira aliponiambia. Tulikuwa tukianua nguo.

"Mama yako alituita mmoja mmoja kabla ya ile Jumamosi," alisema. "Alitwambia daktari amesema nini. Akasema, 'Nataka kujua nani atamlea, lakini siwezi kuwauliza waziwazi akiwa hapo, na nataka awepo asikie. Nitawauliza kwa habari ya safari. Nanyi mnijibu kwa habari ya safari.'" Alishika shuka mikononi bila kuikunja. "Mutegi alisema hataweza kuketi pale bila kulia. Na kweli hakuweza, si ulimwona alivyotoka?"

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilikumbuka nilivyoona haya mezani, nilivyodhani Mama ananigawa kwa sababu amenichoka.

Nilipofika Kanyakine nilimwuliza Nyanya kuhusu siku zile tatu ukingoni. Nyanya alikuwa mzee sana sasa, na hakupenda kuzungumza habari za bwawa.

"Upepo ulipowapiga," akasema, "mimi nilianza kupiga mayowe. Mama yako alisimama. Kutwa hakuwa amesimama, lakini alisimama bila kushikwa. Alisema, 'Nyamaza, Mama, tazama. Hajageuka. Ona, hajageuka nyuma.' Alilisema mara nyingi. Akaketi, akalia, halafu akala ndizi mbili. Alikuwa hali chochote siku hizo."

Nimeshukuru kwa ndizi hizo mbili kuliko kwa vitu vingi maishani mwangu. Mama alikwenda akiamini kwamba ana binti jasiri asiyehitaji kutazama nyuma, na imani hiyo ikampa nafasi ya kupumua. Nisingependa kumnyang'anya. Lakini kuna siku, ninapokuwa nimesimama peke yangu barabarani, ningetoa chochote nimpate kwa dakika moja tu, nimweleze kwamba nilitaka kugeuka. Nilitaka sana. Ni vile mikono yangu ilikuwa imejaa kamba.