Magofu Aliyoyaona Kabla Yangu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi na binti wa mama yangu mdogo tulikuwa wachoraji katika ofisi ya majengo ya kale hapa Maskati. Kazi nilimfundisha mimi. Ilipotokea nafasi ya mtu mmoja kwenda Uingereza kusomea uhifadhi wa magofu, akachaguliwa yeye.

"Dada, nnakwenda kwa ajili yetu sote," akaniambia, kanikumbatia.

"Nenda salama," nikamjibu. Mchana ule wali nikauacha sahanini.

Alirudi na picha za magofu ya nyumba ya watawa wa Kikristo wa zama za kale: kuta ndefu zisizo na paa, madirisha matupu, majani yamefyekwa vizuri. Akatueleza kwamba kule hawajengi upya kilichoanguka, wanakizuia tu kisizidi kubomoka, na sheria inakataza kung'oa hata jiwe. Mkurugenzi wetu akaitikia kwa kichwa, karidhika. Mimi kabla yake niliwahi kusema tusiipake saruji ngome yetu moja, nikaambiwa nichore tu.

Basi ikawa kila jambo, "Muulizeni aliyesoma Uingereza." Hata mama yangu, nyumbani kwetu Madinat Sultan Qaboos, alikuwa akiwaonyesha wageni picha ya binti huyo mbele ya ukuta wa watawa, kahawa ikimiminwa.

"Na yangu, mama?"

"Nawe kapige pahala pazuri, ntaiweka."

Miaka ikapita. Mume wangu akaenda London kutibiwa goti, nami nikafuatana naye. Alipopata nafuu nikamburura hadi kwenye magofu yale. Mvua ilikuwa ikinyesha, na lango limefungwa kwa kuwa mawe yalikuwa yakidondoka. Mlinzi, mzee mmoja, akatuuliza tunatoka wapi.

"Oman," nikasema.

Uso ukamchangamka. "Alijifunza kazi hapa msichana wa huko. Hodari kweli! Mnamjua?"

Mume wangu akafumbua mdomo. Nikamuwahi: "Oman ni kubwa."

"Hata hivyo, kwa ajili yake, ingieni kidogo," akasema mzee, akafungua.

Nikaingia. Ukuta ulikuwa mzuri kuliko picha zote, chokaa imejazwa kwa mkono mwepesi, nyufa za kale zimeachwa zionekane. Nikauwekea kiganja. Laiti ungekuwa mbaya.

"Utamwambia tumefika?" akaniuliza mume wangu njiani.

"Ntamwambia tulirowa."

Wala hilo sikumwambia.