Ndago Hung'olewa na Wawili

Usiku ule nililala na panga ubavuni, upande aliokuwa akilala marehemu mume wangu. Nilikuwa nimelinoa jioni nzima juu ya jiwe la uani, kwa makusudi, ili mdogo wangu Mbaruku alisikie kule upande wa pili wa uzio. Nilikuwa nimekwisha kata shauri. Alfajiri, atakapotoka kutawadha kwenye pipa lake la maji, atainama, na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake. Usinitazame hivyo. Mimi ni mwanamke wa hasira tangu utotoni, na siku ile nilikuwa na sababu, au nilidhani ninayo.

Sababu yenyewe ilikuwa miti. Bibi yetu mzaa mama ndiye aliyetulea mimi na Mbaruku, na alipofariki alituachia uwanja wa nyumba yake hapa nje kidogo ya Muheza. Tukaugawa nusu kwa nusu, tukapanda uzio wa michongoma katikati. Nusu yangu ilikuwa na michungwa sita aliyoipanda Bibi kwa mkono wake. Aliitilia samadi, akaifukuzia siafu kwa majivu, na kila mvua ikikatika alitutoa ndani twende tukang'oe ndago. Ndago ni gugu la balaa. Ukilikata kwa jembe, vile vitunguu vyake vidogo vya chini vinatawanyika, na wiki ijayo unakuta saba mahali pa moja. Kwa hiyo Bibi hakuruhusu jembe la kulimia chini ya mchungwa. Alitaka watu wawili: mmoja anachomeka jembe uma na kuinua udongo taratibu asijeruhi mizizi ya mti, mwenzake yuko chini kwa magoti anaivuta ndago nzima nzima na vitunguu vyake. Mbaruku aliinua, mimi nilivuta. Tulifanya hivyo miaka yote, hata tulipokuwa watu wazima wenye watoto.

Kisha mbuzi wake akapenya uzio akabambua gome la mlimau wangu mchanga, nami nikamkata mbuzi yule mguu kwa panga. Ikabidi achinjwe. Tangu siku hiyo hatukusemezana, na ndago ikaota chini ya michungwa mpaka magotini. Haukupita muda mrefu, michungwa yote sita ikaanza kufa. Majani yalijikunja, yakawa membamba, yakapauka, machungwa mabichi yakadondoka yangali saizi ya ndimu. Mti mmoja ningesema ugonjwa. Sita kwa wiki moja? Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, Mbaruku amelipiza mbuzi wake, amenipulizia sumu. Haki ya Mungu, sikuwa na shaka hata chembe.

Basi nikalala, na usingizini nikasikia mtu anakata mti. Ta! Ta! Nikatoka nje nikakuta ni mchana, jua la utosini. Bibi yuko katikati ya michungwa, kaniki ameifunga kiunoni, kifua wazi kama alivyozoea jua likiwa kali na hakuna wageni, na anakata. Sikushangaa kumwona. Nilichoshangaa ni nguvu zake, maana alikufa hawezi kuinua hata kikombe. Kila panga likishuka tawi zima linaanguka, na pale lilipokatika panatoka damu, inaruka kwa mikupuo kama ya jogoo aliyechinjwa, inampiga usoni naye haipangusi.

"Bibi, acha!" nikapiga kelele. "Aliyeiua ni Mbaruku! Mkate yeye!"

Akageuka, akanizaba kofi. Nikaanguka puu, meno yakagongana, nikaonja damu. Bibi alitupiga tulipokuwa wadogo, sikatai, lakini alipiga kwa ufito na moyoni alikuwa anacheka. Siku hii hakuwa anacheka.

"Ng'oa," akasema.

Nikawa nimepiga magoti, ndago imenizunguka kila upande. Nashika moja, navuta. Inakuja na uzi wake wa chini, na kitunguu, na uzi mwingine, na kitunguu kingine, haikatiki. Navuta, uzi unapasua ua, unapita chini ya mlango wa jikoni, unaangusha chungu mafigani, uji wa moto unamwagika, nasikia wanangu wanalia mle ndani. Nataka kuacha. Mkono haufunguki, maana ndago imekwisha nitoboa kiganja. Ile ncha yake, inayotoboa hata kiazi ardhini, imeingia katikati ya kiganja na kutokea upande wa pili, kijani kibichi, na bado inarefuka. Nalia kwa sauti. Bibi ananikanyaga shingoni kwa unyayo wake mpana, uso wangu unazama kwenye udongo.

"Vuta."

Navuta. Mwisho wa uzi kuna uzito. Udongo unafumuka, unatoka mguu, mguu mdogo wa mtoto, ndago imeufunga kifundoni mpaka nyama imekatika. Ni Mbaruku. Ana miaka kama minne, na kaptura yake ileile moja, makamasi yanamtoka, mdomo umejaa udongo. Nazidi kuvuta kwa sababu ndivyo nilivyoamriwa, na kadiri ninavyovuta ndivyo uzi unavyomla mguu. Yeye ananitazama tu. Hakuwahi kunishtaki kwa Bibi mtoto yule, hata siku nilipomvunja jino kwa mwiko. Alisema amejikwaa mlangoni.

Sijui tulihamaje. Sasa nimesimama na siwezi kusogea. Miguu yangu imo ardhini mpaka magotini, mikono imetanuka, na kwenye mikono kuna majani. Wallahi, nilikuwa mchungwa. Nilisikia maji yakipanda ndani yangu kutoka chini, na kwa muda mfupi nilifurahi, lo, nilifurahi kweli. Kulia na kushoto wamesimama wenzangu watano. Kisha nasikia kwichi, kwichi, kwichi. Mtu anakuja na bomba la kupulizia dawa mgongoni, mkono mmoja unasukuma mpini, kitambaa amejifunga puani na mdomoni. Anampulizia wa kwanza. Yule mti unapiga yowe. Sikujua kwamba miti hupiga yowe. Lilikuwa yowe la mwanamke anayejifungua peke yake. Wa pili. Wa tatu. Nataka kukimbia, ardhi imenishika. Anafika kwangu, ananyanyua mrija, dawa inanipiga usoni. Ngozi inaanza kujikunja, macho yanawaka, vidole vinasinyaa kimoja kimoja. Machungwa yangu yanadondoka, na kila linalodondoka nalijua jina, maana ni wanangu, na yeye anayakanyaga huku anapita.

"Mbaruku!" napiga kelele. "Mbaruku, mwanaharamu we, unaniua!"

Mtu yule anashusha kitambaa apumue. Ana mwanya wangu. Ana kovu langu la kidevuni. Anajifuta jasho kwa khanga yangu, anatema mate pembeni, anaendelea na kazi yake bila habari.

"Sikitu," Bibi akaniita. Alikuwa amekaa juu ya kisiki, panga mapajani. "Bomba uliliosha mara ngapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka, na kukumbuka kuliniunguza kuliko ile dawa. Siku chache kabla miti haijaanza kujikunja, asubuhi, nilipiga dawa ya kuua magugu, kwa sababu sikuwa na mtu wa kuniinulia udongo na kiburi kilinizuia kumwita. Mchana, bomba lilelile, nikatia dawa ya wadudu, nikaipulizia michungwa yote sita, majani juu na chini, kwa uangalifu wote wa mama anayempaka mtoto mafuta. Kati ya dawa hizo mbili nililisuuza.

"Mara moja, Bibi."

"Kwa maji kiasi gani?"

"Kopo moja."

Alinipiga mgongoni kwa bapa la panga, nikasikia mbavu zinalia. Kisha akaligeuza, akanipa mpini.

"Aliyeua miti, mkate."

Tumo upande wa pili wa uzio, kwa Mbaruku, na kumekuwa alfajiri. Mbaruku ni mtu mzima sasa, na kipara chake, ameinama kwenye pipa anatawadha. Shingo yake iko wazi mbele yangu, ina mikunjo miwili. Najua kwamba hana kosa. Najua kabisa! Na mkono wangu unapanda. Nauambia ushuke, nauomba, nautukana, hausikii. Nimeufundisha jioni nzima juu ya jiwe, unaijua kazi yake. Panga linashuka. Linaingia kama kwenye mgomba, laini, mpaka kwenye mfupa, halafu mfupa nao unakubali. Kichwa kinalala begani, kinaning'inia kwa ngozi, na pipa lote linakuwa jekundu. Mbaruku haanguki. Anachota maji yale kwa kata, anaosha mkono wa kulia, anaosha wa kushoto, anapapasa kichwa chake pale kilipo na kukipaka maji, anaosha miguu mmoja mmoja. Anamaliza udhu wake kwa utaratibu kama siku zote, nami natapika miguuni pake.

Bibi akanikamata nywele, akaniinua uso nitazame. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona Bibi analia, hata siku tulipomzika mama yetu. Machozi yalimchuruzika mpaka kwenye kifua kile kilichoroa damu ya michungwa.

"Michungwa imekufa, Sikitu. Huyu bado. Kamwambie kwa mdomo wako, kabla hakujapambazuka, na usiende na kitu mkononi."

Nikaamka. Shuka ilikuwa chapachapa, nikadhani ni jasho, kumbe usingizini nilikuwa nimeyashika makali ya panga na kiganja kimepasuka. Nje ya dirisha, upande wa pili wa uzio, nikasikia kata inagonga pipa. Alikuwa amekwisha toka, na bado hajafa. Niseme ukweli, niliposikia sauti ile nililia kama mtoto mchanga.

Nililiacha panga kitandani. Nilitoka peku, nikazunguka uzio kwa mara ya kwanza tangu siku ya mbuzi, na njiani nilikuwa nayapanga maneno, nitamwomba radhi ya mbuzi, nitamwomba radhi ya matusi yote, nitamwambia Bibi amekuja na amelia. Mbaruku alisikia hatua zangu. Akageuka akiwa bado ameinama, kata mkononi, maji yanamtiririka ndevuni, na aliponiona akajikinga uso kwa mkono. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Nikanyanyua mikono yangu yote miwili juu ili aone ni mitupu, na damu ya kiganja ikanishuka mpaka kwenye kiwiko.

"Mbaruku," nikasema, "michungwa niliiua mimi."

"Najua, dada." Alisema mkono ungali umemkinga uso. "Siku ile nilikuona, kwa bomba lilelile la magugu unaipulizia miti. Nilitaka kupiga kelele nikuzuie. Nikakuogopa."

Nikamwambia sina kitu, atazame, sina kitu. Mkono wake haukushuka.