Target ya Wangari

Mwalimu Christabel Aluoch anafundisha hesabu huko Ziwa, nje ya Eldoret, na kila Januari anagombana na mwalimu mkuu kwa jambo moja. Shule nzima huandika target, yaani lengo la mtihani: jina, somo, gredi, kisha karatasi inabandikwa ukutani. Darasa lake halibandiki kitu. "Kila mtu akae na yake kichwani," huwaambia wanafunzi, nao humcheka pembeni kwamba mwalimu ana vituko. Wacheke tu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Desemba 2007 alikuwa anangoja kuingia kidato cha nne, na hamu yake yote ilikuwa wapite pamoja, yeye na Wangari, rafiki yake wa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Walikaa majirani hapo Kimumu, mtaa wa Eldoret. Wakaunda kikundi cha kusoma, wasichana wanne, na Aluoch mwenye mwandiko mzuri akachukua karatasi ya manila, akaandika juu kwa herufi kubwa: TARGET 2008. Chini yake majina, gredi, na nyumba ya kila mmoja, maana walipanga kusoma kwa zamu. Wa kwanza alikuwa Wangari: A ya hesabu, Kimumu, geti la bluu. Alijitajia mwenyewe huku akitafuna mahindi ya kuchoma. "Na uniwekee alama nyekundu hapo," alisema, "kemia nishaipiga tayari!" Wakaibandika chumbani kwa Aluoch, juu ya kitanda.

Halafu matokeo ya kura yakatangazwa, Eldoret ikawaka, na watu wa kabila la kina Wangari wakawa wanasakwa nyumba hadi nyumba. Mzee Ogola, baba yake Aluoch, karani mpole ambaye hata kuku hachinji, aliwapitisha kina Wangari ua wa nyuma, baba, mama na binti, akawaficha chumba kile kile. "Mtakaa hapa mpaka barabara ifunguke," akawaambia. Nani angefanya hivyo siku zile? Wachache, tena wachache sana. Neno target nalo lilikuwa limechafuka mtaani. Fulani ni target, nyumba ile ni target, yaani ya kuvamiwa, watu walinong'onezana hivyo kutwa.

Siku ya pili, mchana, Aluoch na baba yake walitoka kutafuta unga. Kurudi, chumba kitupu, manila imeng'olewa na kutupwa sakafuni. Mama Wangari alikuwa ameinua macho akaliona jina la binti yake, la kwanza kabisa, na alama nyekundu, na geti lake. Akawatoa watu wake mbio. Kwenye kizuizi cha barabarani wakaangukia mikononi mwa vijana wenye mapanga, na baba yake Wangari hakuvuka.

Yawa! Aluoch alilia mpaka sauti ikakauka. Baada ya wiki tatu, njia zilipopitika, alikwenda kambini kwenye uwanja wa maonyesho akiwa na jambo moja tu la kusema: ile karatasi ilikuwa ya masomo. Aliwakuta hemani. Mama Wangari alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Mimi kusoma kwangu ni kidogo, mtoto wangu," akasema. "Ndio maana nilimuuliza huyu." Akamwonyesha binti yake kwa kidevu.

Wangari alikuwa anasugua sufuria. Hakuinua uso.

"Si ni wewe ulinitajia, nikaandika?" Aluoch akamuuliza. "Si ulijua?"

"Nilijua. Nikamwambia mama ni ya masomo."

"Sasa mbona mkatoka?"

Wangari akaiweka sufuria chini.

"Aliniuliza lingine. Aliniuliza, unaweza kuapa hawa watu hawatatuuza?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza, Aluoch. Ndio tukatoka."