Hodi Wakati wa Maombi

Mume wangu ni mtu mwema. Nianze na hilo, maana kwa haya nitakayosema mtu anaweza kudhani namsengenya. Ana huruma, ana subira, na hajawahi kumpita mwenye shida akajifanya anatazama saa. Ila ana kichwa kigumu, na aliyemuumba anajua hilo kuliko mimi.

Kanisa lilipotutuma kuwa wamisionari ng'ambo, ndoa yetu ilikuwa bado changa na tulikuwa na mtoto mmoja, binti tunayemwita Kasuku kwa sababu anaanza kuongea kabla hajafumbua macho. Tuliagwa kwa vifijo. Wazee wa kanisa walituwekea mikono, kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka, na mama yangu alilia mpaka mtandio ukalowa. Tukapanda ndege tumejaa moto. Huko tulikoshukia tulipokelewa na mtu mmoja mwenye haraka zake, akatukabidhi funguo za nyumba, akatutakia kazi njema, akaondoka. Moto wetu ukaanza kupungua palepale.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili ghorofa ya tatu, juu ya duka la fundi cherehani. Bomba la jikoni lilikohoa kabla ya kutoa maji. Ngazi zilikuwa nyembamba, na kila aliyekutana nasi pale alibana ukutani, akaitikia salamu kwa neno moja, akapita. Lugha yao tulikuwa tumefundishwa kabla ya kusafiri, na tuliiongea kwa kubabaisha lakini tulieleweka. Kwa hiyo si kwamba hawakutuelewa. Walikuwa hawatutaki tu, au ndivyo nilivyoona mimi.

Baba Kasuku alinunua viti vya kukunja akavipanga sebuleni kwa mistari, kama ukumbi. Ikifika Jumapili anavaa tai, anasimama mbele, anahubiri kwa sauti ya uwanja wa mpira. Waliokaa ni mimi na Kasuku. Siku moja akasahau, kwa mazoea ya nyumbani, akauliza, "Mlio nyuma mnanisikia?" Kasuku akageuka kutazama nyuma, akamjibu, "Baba, huko hakuna mtu." Nilicheka mpaka nikabanwa na mbavu, halafu nikaenda jikoni nikalia.

Maana wakati huo nilikuwa tayari mjamzito, na hapo ndipo penye kisa. Uzazi wa Kasuku ulinitesa. Nilikaribia kwenda na maji, na kilichonirudisha, nikitoa Mungu, ni mkono wa mama yangu. Hakuuachia mkono wangu tangu uchungu ulipoanza mpaka mtoto alipolia. Sasa mama yuko ng'ambo ya pili ya dunia, na mimi niko ghorofani na watu wanaobana ukutani nikipita. Niliogopa. Sitaki kulipamba: niliogopa kufa katikati ya watu wasiojua hata naitwaje.

Mama alikuwa akipiga simu. "Rudi nyumbani mwanangu, uzalie hapa. Mumeo atabaki na Mungu wake."

Nami nilitaka kwenda. Lakini mume wangu na mimi tulijua bila kuambiana kwamba nikienda sitarudi, na kazi tuliyotumwa ilikuwa kazi ya familia, si ya mwanamume peke yake na viti vyake. Nikiondoka, tumeifunga. Ndege nazo hazimchukui mjamzito aliyekaribia siku zake, kwa hiyo uamuzi haukuwa wa kuahirisha. Nikamwambia, "Baba Kasuku, mimi sikusumbui kwa mengi. Nipatie mwanamke mmoja katika mtaa huu, mmoja tu, wa kunishika mkono siku ile. Nisipompata kabla tarehe ya kukata tiketi haijafika, naenda kwa mama."

Akaniambia, "Tutaomba."

Tutaomba! Basi ngoja nikueleze tulivyokuwa tunaomba. Kila jioni jua likizama, mafundi wakifunga maduka, sisi tunafunga madirisha kwa ajili ya kelele za barabarani, tunakaa duara, tunashikana mikono. Wimbo, somo, kisha maombi. Mume wangu alilelewa na baba mzee wa kanisa, na kwao maombi hayakatizwi. Hata paa liungue, utasubiri Amina. Naye haombi kwa kifupi. Anaanza na viongozi wa mataifa, anapita hospitalini, anaingia magerezani, anawafuata wasafiri baharini na angani, ndipo anateremka taratibu mpaka kwenye mtaa wetu. Kasuku huwa ameshalala usingizi wakati baba yake bado yuko magerezani.

Na hodi tulikuwa tukizisikia. Sijasema hatukuzisikia. Mara kwa mara, katikati ya maombi, mlango unagongwa. Nikijitikisa, mume wangu ananibana kiganja, maana yake tulia. Tena anamtia mgongaji ndani ya maombi: "Na huyu anayebisha hodi, Bwana, umbariki." Mgongaji anabarikiwa, anasubiri, anaondoka zake. Tukimaliza, tunafungua, ngazi ni tupu. "Akiwa na shida ya kweli atarudi," anasema, na tunakula.

Usituone wajinga. Kwetu mlango haufungwi mpaka watu waende kulala. Jirani akikukuta unaomba anaingia kwa kunyata, anakaa mkekani, anaitikia Amina na wewe, kisha anasema lililomleta. Sote tulikulia hivyo. Huku mlango ukiusukuma unajifunga wenyewe kwa ndani, na aliye nje hana la kufanya ila kugonga na kungoja. Tuliishi na mlango huo miezi na miezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa akaufikiria.

Ikafika jioni ya mwisho. Kesho yake asubuhi ilikuwa niende kukata tiketi. Sanduku nilikuwa nimeshalishusha kutoka juu ya kabati, na mume wangu alilipita bila kulitazama, kama mtu anayepita karibu na mbwa. Tukakaa duara. Siku hiyo aliwaacha viongozi wa mataifa wajitegemee. Alikwenda moja kwa moja kwenye shida yetu.

"Bwana, tuletee mtu. Mmoja tu. Mama mmoja wa kumshika mkono mke wangu."

Ngo, ngo, ngo.

Akanibana kiganja. Akapandisha sauti ili aishinde ile hodi. "Umesema tuombe nasi tutapewa. Tuletee mtu, Bwana!"

Ngo, ngo, ngo, ngo.

"Na huyu anayegonga umbariki, Bwana, na utuletee mtu!"

Jamani! Kitu kilinipanda kutoka tumboni, sikujua ni hasira au ni kicheko, nadhani vilikuja pamoja. Nikauchomoa mkono wangu. "Baba Kasuku! Mtu ndiye huyo! Ulitaka Mungu amlete vipi, ampitishe dirishani?"

Alifumbua macho kabla ya Amina, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Sikumngoja. Nikajikokota na tumbo langu mpaka mlangoni, nikafungua, na aliyegonga alikuwa ameshaanza kushuka.

Alikuwa yule fundi cherehani wa chini. Mwanamke mnene wa makamo, futi ya kupimia imening'inia shingoni, vipande vya nyuzi vimemganda kwenye gauni. Aligeuka akanitazama kutoka chini, mikono kiunoni.

"Ahaa! Leo mmefungua? Basi mvua itanyesha."

"Samahani mama, karibu, karibu ndani."

"Karibu ya leo! Nimepanda ngazi hizi na magoti yangu haya mpaka nimechoka. Mlipohamia nilikuja kuwasalimu, hamkufungua. Nguo zenu ziliangukia kibarazani kwangu, nikazileta, hamkufungua, nikaziacha kwenye kitasa. Mama wa ghorofa ya chini yenu alikuja kuwaita kwenye arusi ya mwanawe, hamkufungua. Na si kwamba hampo! Tunawasikia. Mnanong'ona, mnaimba kidogo, mtu akibisha sauti inapanda, lakini mlango wapi! Kinyozi wa pale kona anasema mnagombana. Mimi nilisema hapana, hawa watu wana siri zao, tuwaache. Sasa nimekuja mara ya mwisho kwa sababu ya hilo tumbo. Asubuhi nimekuona unapanda umeshika kiuno, nikashindwa kushona. Nani yuko na wewe?"

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, Biblia kifuani, uso umemshuka. "Mama," akasema polepole, "tulikuwa tunaomba."

"Mnaomba? Kila siku mnaomba? Mnaomba nini hicho kisichokwisha?"

Kasuku, ambaye kelele zilikuwa zimemwamsha, akapenya katikati ya miguu yetu akamjibu kwa heshima zote. "Tunaomba watu waje."

Fundi alimtazama mtoto, akamtazama baba yake, akautazama mlango. Kisha akaketi palepale kwenye ngazi akacheka. Alicheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya futi, akacheka tena. Mimi nikacheka naye nikiwa nimeshikilia kitasa. Hata mume wangu alicheka, ingawa chake kilikuwa cha kuomba radhi zaidi.

Akaingia. Akavitazama vile viti vilivyopangwa kwa mistari, akavuta kimoja, akakigeuza kiangalie cha pili, akaniambia nikae. Tukaongea mpaka chakula kikaungua jikoni. Nikamweleza habari ya uzazi wa kwanza, mkono wa mama, na tiketi ya kesho. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Sikia, mwanangu," akasema. "Kwenda kwa mama yako si vibaya. Ukitaka kwenda, nenda. Lakini usiende kwa kukosa mkono. Mikono ninayo."

Nilishukuru Mungu siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nilimshukuru kwa ghadhabu kidogo, maana alikuwa amenijibu mara nyingi na mlango ukawa unamrudisha. Sikudanganyi kwamba Fundi aliokoka. Mpaka leo akija jioni anamwambia mume wangu, "Mchungaji, fupisha, nina mshono." Naye anafupisha. Mlango tunauzuia kwa kiatu, na hao walioambiwa tuna siri zetu wanaingia wanavyotaka. Viti vya kukunja vimepoteza mistari yao kabisa.

Kesho yake asubuhi nilimpigia mama. "Mama, siji."

Akauliza, "Umepata mtu?"

"Nimepata."

"Ana roho nzuri?"

"Ana mdomo, lakini roho anayo."

"Basi kama ana mdomo mtapatana," akasema mama, na nikasikia anapenga kamasi.

Siku zangu zilipotimia, uchungu ulinishika mchana, mume wangu yuko gerezani. Yaani amekwenda kuwaona wafungwa, usinielewe vibaya. Kasuku ndiye aliyeshuka kumwita Fundi, naye alipanda na sindano bado ipo mdomoni, akamwacha mteja wake dukani amevaa koti la mkono mmoja. Mama wa chini akamchukua Kasuku. Kinyozi akatafuta gari. Hata kabla sijajua nani kanivalisha viatu, tulikuwa kliniki.

Muuguzi wa mlangoni alimzuia Fundi. "Anayeingia na mzazi ni ndugu wa karibu tu. Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

Muuguzi akatutazama, mmoja mmoja. Mtu yeyote mwenye macho angejua mimi sikutoka tumboni mwake wala nchini kwake. "Mama yake mzazi?"

"Dada yangu, unataka nimzae upya ndipo unipishe? Sogea!"

Akasogea. Fundi akanishika mkono, na sitaki kueleza saa zilizofuata, ila niseme kwamba nilimfinya mpaka kucha zikaacha alama, nikamwambia maneno ambayo mke wa mmisionari hapaswi kuyajua, naye akawa ananijibu, "Sema, mwanangu, sema yote." Hakuniachia. Mtoto alipolia, alikuwa bado amenishika.

Mume wangu alifika jioni na vumbi la njiani, akambeba mwanawe, akashindwa hata kuomba. Alisema "Asante" tu, akarudia, akarudia. Kisha akampigia mama yangu simu, akaniwekea sikioni. Nikamwambia mama ni wa kiume, ni mzima, na mimi ni mzima.

"Nipe huyo mama mwenzangu," akasema.

"Mama, hamtaelewana. Hajui lugha yetu, nawe hujui yao."

"Nimekwambia nipe."

Nikampa Fundi. Mama akaongea kwa lugha yetu, Fundi akajibu kwa yao. Hakuna aliyeelewa neno la mwenzake. Walikuwa wakiongea kwa pamoja, wakinyamaza kwa pamoja, mara Fundi akawa anatikisa kichwa kukubali mambo asiyoyajua, machozi yanamtiririka mpaka kwenye futi yake. Nikaona wanachoka bure. Nikaichukua simu nikamwambia mama apumzike, nitampigia kesho.

"Usikate," mama akasema. "Sijamaliza kumshukuru."

Nikamrudishia Fundi simu.