Kigae cha Moto

Mume wangu alirudi kutoka kwao bara akiwa na homa na uvimbe kinenani. Katika kambi yetu ya mkonge, karibu na Pangani, uvimbe wa kinena haukumtisha mtu. Ulikuwa mtoki tu. Kila mkata mkonge aliyechomwa mwiba mguuni aliupata, akakandwa kwa maji ya chumvi, akarudi kazini. Basi nami nikamkanda. Maji alichemsha jirani yangu, mama wa Kidigo aliyenipokea nilipofika ugenini kule. Mume wangu alilia kwa maumivu, nasi tukamtania kwamba anadeka.

Mganga wa zahanati alipouona uvimbe hakututania. Aliuliza kama kule bara panya walikuwa wanakufa ovyo majumbani. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. "Hii ni tauni," akasema mganga, akaandaa sindano. Zilikuwa zimechelewa. Mume wangu alifariki, akazikwa na wahudumu waliojifunga vitambaa puani, bila matanga. Mimi homa ilinianza siku hiyohiyo, nikachomwa sindano mapema, nikapona.

Niliporudi kambini chumba kilikuwa kimenyunyizwa dawa nyeupe ya viroboto, na godoro letu limechomwa. Mganga aliwatangazia majirani kwamba mimi siambukizi tena. Walimsikiliza kwa adabu zote, kisha wakawa wanapita mbali na mlango wangu.

Zamani alfajiri wanawake walikuja na vigae kuchukua kaa la moto jikoni kwangu, maana niliamka mapema kuliko wote. Sasa walikwenda kwingine. Nilikasirika, lakini moto niliulinda kutwa nzima, nikiongeza kuni ingawa sikuwa na cha kupika. Nilijiambia atakuja mmoja. Upweke ule uliniuma kuliko msiba wenyewe.

Asubuhi moja nilichoka. Niliuacha uzime, nikalala nimeuelekea ukuta.

"Hodi, mwanangu. Nimekuja kuomba moto."

Alikuwa yule mama jirani wa Kidigo, kigae mkononi.

"Shikamoo, mama. Karibu. Moto umezimika," nikasema, na machozi yakanitoka kwa aibu.

Hakuondoka. Aliingia, akapiga magoti mbele ya mafiga, akapanga kuni. Kisha akafungua pindo la kanga yake, akatoa kiberiti, akawasha.